Gari la Zamani Linapochemsha: Je, Tutoe Themostati na Masega?

Wanachama wetu wengi hapa Uingereza wanaendesha magari ya bei ya mwanafunzi, yaani magari ya miaka ishirini na zaidi. Kwa kuwa mimi niko kwenye uhandisi, maswali yananifuata hadi kwenye foleni ya chakula. Yaliyo mengi ni haya mawili: "Kaka, gari linachemsha, nitoe themostati?" na "Kaka, nimeambiwa masega yanabana injini, niyakate?"

Maswali haya yanaonekana kuwa mbalimbali, moja la maji na jingine la moshi. Somo la leo linataka kuonyesha kwamba ni swali moja. Mfumo wa kupoza injini na vifaa vya kusafisha moshi vinategemeana, na ukigusa kimoja, kingine kinaumia. Kwa hiyo kabla ya kukata kitu chochote, tujue kwanza kinafanya kazi gani.

1. Joto linakwenda wapi?

Ukichoma lita moja ya petroli, si nguvu yote inayofika kwenye magurudumu. Kwa makadirio ya darasani, theluthi moja inakuwa kazi, theluthi moja inatoka na moshi, na theluthi iliyobaki inachukuliwa na maji ya kupozea na hewa inayoizunguka injini. Maana yake ni kwamba injini inayotoa kilowati 20 kwenye barabara kuu inamtaka rejeta naye atupe nje kiasi cha kilowati 20 hivi. Hizo ni kama pasi ishirini za umeme za wati elfu moja, zote zimewashwa kwa pamoja chini ya boneti!

Maji yanabebaje mzigo huo? Kanuni ni ile ya kidato: joto ni sawa na uzito wa maji yanayopita kwa sekunde, mara uwezo wa maji kubeba joto, mara tofauti ya nyuzi. Tuseme pampu inasukuma kilo moja kwa sekunde ya mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti, ambao uwezo wake ni takriban kilojuli 3.5 kwa kilo kwa kila nyuzi. Gawanya 20 kwa 3.5, unapata karibu nyuzi 6. Yaani maji yanaingia kwenye rejeta yakiwa na nyuzi 92 na kutoka yakiwa na 86. Wengi wanadhani rejeta hutoa maji baridi. Sivyo, yanayotoka bado ni ya moto sana, na ndivyo yanavyotakiwa kuwa.

Jambo la pili ni hewa. Rejeta hutupa joto kulingana na tofauti kati ya maji na hewa ya nje. Maji yakiwa nyuzi 90 na hewa nyuzi 20, tofauti ni 70. Hewa ikiwa nyuzi 40, tofauti ni 50, na rejeta yule yule sasa ana asilimia 71 tu ya nguvu yake ya mwanzo. Ndiyo maana gari lililokuwa zima hapa linaweza kuchemsha likifika Muscat mwezi wa sita, au likipanda Kitonga na mzigo. Na tusidhani joto ni la kwetu tu: tarehe 19 Julai 2022 kituo cha Coningsby, Lincolnshire, kilipima nyuzi 40.3, na siku kama hiyo rejeta aliyeziba nusu hana pa kujificha.

2. Themostati si adui

Themostati ni mlango mdogo wenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa na maji yanazunguka ndani ya injini tu. Yakifika nyuzi 80 hadi 90, kutegemea aina ya gari, nta inatanuka, mlango unafunguka, na maji yanakwenda kwa rejeta. Kazi yake si kupoza. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake la kazi na kuizuia isishuke chini ya hapo.

Kwetu nyumbani, dawa ya kwanza ya gari linalochemsha ni kuitoa. Fundi anakuambia: "Hii ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi." Wapo wengine wanaosema kinyume chake, kwamba usiitoe kwa sababu maji yatakwenda mbio mno na hayatapata muda wa kupoa. Wote wawili hawajapatia. Hilo la maji kwenda mbio linapingana na kanuni ya hapo juu: maji mengi kwa sekunde hubeba joto zaidi, si pungufu. Hata hivyo, kuna injini ambazo themostati yake ina kisahani cha pili cha kuziba njia ya mkato pale mlango mkuu unapofunguka. Ukiitoa kwenye injini hizo, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi ndani bila kupita kwa rejeta. Hapo umetoa kifaa ili gari lipoe, nalo linazidi kuchemsha.

Hata pale ambapo injini inapoa, ugonjwa haujapona. Gari lililokuwa na themostati nzima na bado likachemsha lina tatizo mahali pengine. Umeficha dalili tu, kama mtu anayevunja kipimajoto ili homa isionekane.

3. Mfuniko wa bei ndogo, kazi kubwa

Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu, huchemka kwa takriban 94. Mfumo wa kupoza unakwepa hali hiyo kwa kuongeza presha. Mfuniko wa rejeta unaoshikilia presha ya bar 0.9 unayafanya maji matupu yasichemke hadi karibu nyuzi 118 pale Mombasa, na kama 115 pale Nairobi. Mpira wa mfuniko ukichoka, presha inavuja, na gari linamwaga maji hata kama rejeta ni mpya. Jamani, mara ngapi tumenunua rejeta wakati aliyekuwa mgonjwa ni mfuniko?

Kuhusu kulanti: mchanganyiko wa nusu kwa nusu hauwi barafu hadi kama nyuzi 37 chini ya sifuri, na una dawa za kuzuia kutu. Maji matupu hubeba joto vizuri kidogo zaidi, lakini yanakula alumini, yanaacha chumvi kwenye mirija ya rejeta, na katika baridi ya Januari hapa yanaganda na kupasua bloku. Onyo: kulanti ya glaikoli ni tamu na ni sumu kali. Usiiache kwenye bakuli wala kuimwaga uani penye watoto, paka au mbwa.

4. Masega na vali ya moshi

Yale tunayoyaita masega ni kipande cha kauri chenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, kimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Hubadilisha gesi tatu: kaboni monoksidi, haidrokaboni ambazo hazikuungua, na oksidi za naitrojeni. Yakiwa mazima na yamepata moto hupunguza gesi hizo kwa zaidi ya asilimia 90. Yana masharti mawili. Kwanza, yapate moto wa kama nyuzi 250 hadi 300 ndipo yaanze kazi. Pili, mchanganyiko uwe sawasawa, takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Anayelinda kipimo hicho ni kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wetu huiita kontrol boksi, ikisaidiwa na sensa ya oksijeni na sensa ya joto la maji.

Vali ya kurudisha moshi, maarufu kama EGR, huchukua sehemu ndogo ya moshi na kuirudisha kwenye silinda. Moshi huo hauungui tena, kwa hiyo unapunguza kilele cha joto la mwako, na oksidi za naitrojeni zinapungua. Angalieni hapo: kifaa ambacho wengi wanakiziba "ili injini ipumue" ndicho kinachopunguza joto ndani ya silinda. Kwenye baadhi ya injini za petroli, ukikiziba bila kurekebisha kompyuta, injini huanza kugonga ikibebeshwa mzigo, na kugonga huongeza joto. Kwenye dizeli kuna sura nyingine: nyingi zina kipozeo cha EGR kinachopitisha maji ya injini, nacho kikitoboka ndani, maji yanapungua kila wiki bila tone moja kuonekana chini.

5. Gari moja, mifumo miwili

Msimu wa baridi uliopita mwenzetu mmoja alinunua Corolla ya mwaka 2004 kwa mtu binafsi. Hita ilikuwa ikitoa hewa ya uvuguvugu, mshale wa joto haufiki katikati, na mafuta yanakwisha kama yanamwagwa. Akaenda kwenye ukaguzi wa mwaka, ule wa MOT, akaanguka kwa moshi. Kwa gari la umri huo, kipimo cha kawaida ni kaboni monoksidi isiyozidi asilimia 0.2 injini ikiwa imekanyagwa kidogo, na 0.3 ikiwa inanguruma yenyewe. Lake lilitoa 0.9. Akaambiwa masega yamekufa, anunue mapya, na bei aliyotajiwa ilizidi kodi yake ya mwezi.

Kabla hajalipa tulifanya kipimo cha mikono. Injini ikiwa baridi kabisa, tuliwasha, tukawa tunagusa mipira miwili ya rejeta, mikono mbali na feni. Mpira wa chini ulianza kupata joto mapema, pamoja na wa juu, wakati mshale bado uko chini. Maji hayakuwa yanazuiwa. Tulipofungua nyumba ya themostati ilikuwa tupu, aliyeuza alikuwa ameitoa.

Sasa unganisheni. Bila themostati, injini haikufika joto lake. Sensa ya maji ikaiambia kompyuta kwamba injini bado ya baridi. Kompyuta ikaongeza petroli, kama inavyofanya asubuhi. Petroli ya ziada ikaenda kwenye masega, ambayo hayana hewa ya kutosha kuiunguza. Moshi ukachafuka. Hali hiyo ikiendelea miezi mingi, masega yanaungua na kuyeyuka kweli, na petroli inayoteremka kwenye kuta za silinda inaosha oili. Themostati mpya ilikuwa pauni 14, pamoja na kulanti. Tulipoifunga na kulipeleka tena, kaboni monoksidi ilisoma 0.05 na masega ni yale yale ya zamani.

Hadithi haikuishia hapo. Siku mbili baadaye, kwenye foleni, mshale ukapanda. Tukakuta rilei ya feni imekufa. Huo ndio ugonjwa aliokuwa nao muuzaji tangu mwanzo! Badala ya kubadili rilei, alitoa themostati, na mnunuzi nusura alipie masega.

6. Mafundi wetu hawakuwa wajinga

Tusiwacheke waliotufundisha. Zamani petroli ya kwetu ilikuwa na risasi, na risasi hufunika madini ya masega na kuyaua. Gari lenye masega likija bandarini lilikuwa na kifaa kisichokuwa na faida tena, kwa hiyo kukitoa kulikuwa na mantiki. Lakini nchi zetu za Afrika Mashariki ziliachana na petroli yenye risasi ilipofika Januari 2006, na dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, ikaanza kutumika mwaka 2015. Sababu iliondoka, mazoea yakabaki. Leo masega yanakatwa kwa sababu nyingine: madini yake yana soko. Moshi usiochujwa unabaki mtaani, kwenye kituo cha daladala na dirisha la darasa la kwanza.

Kuna kisa kimoja ambacho kinawapa haki wanaosema "nilikata masega na gari likaacha kuchemsha". Masega yaliyoziba huzuia moshi kutoka, nguvu inapotea mlimani, na injini inapata joto. Ukiyakata, nafuu inaonekana papo hapo. Lakini masega hayazibi bila sababu. Yaliyeyushwa na petroli nyingi, au yalifunikwa na oili au kulanti inayovuja kwenye gasketi ya silinda hedi. Kama hukutafuta chanzo, umemzika marehemu bila kujua kilichomuua, na kilichomuua bado kiko nyumbani.

7. Ukitaka kuboresha, fuata mpangilio

Kuboresha mfumo wa kupoza kunaruhusiwa, na wakati mwingine ni busara. Ila anza na cha bei ndogo:

(a) Injini ikiwa baridi, angalia kiwango cha maji na sura yake. Maji ya rangi ya kutu au yenye mafuta yanakusimulia mengi.

(b) Badili mfuniko, na weka wenye presha ile ile iliyoandikwa kwenye wa kiwandani. Presha kubwa zaidi inatafuta mpira dhaifu ilipuke.

(c) Hakikisha feni inawaka yenyewe. Pima fyuzi, rilei, swichi na mota.

(d) Pima presha ya mfumo kwa pampu ya mkono kutafuta uvujaji. Kisha tumia ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya mwako. Ikigeuka, gasketi imekwisha, na rejeta mkubwa hatakusaidia.

(e) Safisha mapezi ya rejeta kwa maji ya presha ndogo, suuza mfumo, jaza kulanti na utoe hewa yote iliyonaswa.

(f) Yote yakiwa sawa na bado unavuta tela au unalipeleka gari kwenye joto la Ghuba, hapo fikiria rejeta wa alumini mwenye safu mbili, feni ya umeme yenye nguvu zaidi, na kava la feni linaloziba pembeni ili hewa ipite kwenye rejeta badala ya kumzunguka. Ongeza na geji ya joto yenye namba, kwa maana mshale wa kiwandani mara nyingi hutulia katikati hata joto linapobadilika.

Themostati ibaki, ya nyuzi zile zile za kiwandani. Kuweka ya nyuzi za chini hakumuongezei rejeta nguvu. Kunaishusha injini tu pale ambapo tayari kuna nafasi ya kupoa.

Na gari likichemsha njiani: egesha, zima, subiri nusu saa au zaidi. Usifungue mfuniko wakati wa moto, usimwagie injini maji baridi. Ukishindwa kusimama mara moja, washa hita mpaka mwisho, itakuwa rejeta wako mdogo wa dharura.

8. Mizani

Tukipima vifaa vya moshi, tuweke vitu vitatu kwenye mizani. Kwanza sheria: hapa Uingereza gari lililotoka kiwandani na masega likikutwa halinayo linaanguka MOT, na dizeli iliyoondolewa kichujio chake cha masizi inaangushwa tangu Februari 2014. Gari la zamani ambalo halikuundwa na masega halilazimishwi kuwa nayo. Anayeingia London akumbuke pia kwamba tangu tarehe 29 Agosti 2023 mitaa yote ya jiji iko ndani ya ULEZ. Gari la petroli lisilofikia Euro 4, au la dizeli lisilofikia Euro 6, linatozwa pauni 12.50 kwa siku. Angalia namba ya gari lako kwanza, kabla hujanunua rejeta wa pauni 150.

Pili, mfuko: kifaa kizima kikirekebishwa ni nafuu kuliko injini iliyopinda hedi. Tatu, mapafu: kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na ekzosi iliyokatwa na kuchomelewa vibaya inaweza kuileta ndani ya gari pale mlipo wanne mmefunga vioo kwa baridi. Kwa nyumbani hakuna MOT ya kutuangusha kirahisi, lakini mapafu ya Buguruni na Gikomba hayana tofauti na ya Birmingham.

9. Jipime

1. Gari linachemsha kwenye foleni tu, barabara kuu liko sawa. Uanzie wapi? (Feni: barabara kuu hewa inaingia yenyewe.)

2. Gari linachemsha barabara kuu tu, foleni liko sawa. Je? (Maji hayatoshi kupita: rejeta ameziba, pampu imechoka, au themostati haifunguki yote.)

3. Hita ya baridi, mshale chini, moshi umechafuka. Je? (Themostati imekwama wazi, au haipo.)

4. Maji yanapungua, chini hakuna tone. Je? (Gasketi ya hedi, au kipozeo cha EGR kwenye dizeli.)

Aliyepata zote nne hanihitaji tena, na aje anisaidie kujibu maswali kwenye foleni ya chakula. Aliyepata mbili asome tena sehemu ya pili na ya saba. Wenye magari yanayosumbua, andikeni aina, mwaka na dalili, tutayachambua pamoja toleo lijalo: tutazungumzia breki, jambo ambalo halina mjadala wa kutoa au kutotoa.

Nawatakia safari njema, na mshale uliotulia.